Kutoka Mbiu hadi Kipaza Sauti: Nafasi ya Mshereheshaji katika Historia ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa awataje fanani wa fasihi simulizi, majina humtiririka bila shida: mtambaji, manju, malenga, mghani, mlumbi, mtegaji. Ni nadra mno kumtaja mshereheshaji, yaani yule anayeshika kipaza sauti katika arusi, harambee, mahafali, tamasha na mazishi. Wanafunzi wengi humchukulia kuwa mtu wa kazi ya malipo tu, aliyezuka juzi pamoja na umeme na mitambo ya kukuza sauti. Sisi walimu nasi hatuwasaidii. Tunapofundisha utanzu huu huelekea kuzungumzia moto, ajuza na usiku wa mbalamwezi, kisha tukageuka kulalamika kwamba fasihi simulizi inakufa. Kumbe Jumamosi ileile wanafunzi wetu wameketi saa tano chini ya hema, wakimsikiliza fanani mmoja akiwachekesha, akiwanyamazisha na kuwaimbisha.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mshereheshaji ana nasaba ndefu katika sanaa ya matamko ya Afrika Mashariki, na kwamba nasaba hiyo hutusaidia kumhakiki. Hoja yetu kuu ni kuwa sauti ya mshereheshaji ni sauti ya kuazimwa. Hasemi kwa niaba yake mwenyewe. Amepewa mdomo na wengine, na thamani ya usemi wake hupimwa kwa jinsi hadhira inavyomwitikia. Kwa hivyo, katika kila kipindi tutakachoangazia, tutauliza maswali matatu: Ni nani aliyempa sauti? Alisema kwa niaba ya nani? Na hadhira ilimjibuje?

Jina na maana yake

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema tulitazame jina lenyewe. Neno "sherehe" lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni shangwe, hafla au tafrija, na hii ndiyo inayojulikana na kila mtu. Maana ya pili ni ufafanuzi wa maneno magumu. Mwanafunzi aliyewahi kufungua diwani ya mashairi amekutana na ukurasa wenye kichwa "Sherehe", ambapo msamiati umeorodheshwa na kufasiriwa. Tukizichukua maana hizi mbili kwa pamoja tutapata picha kamili ya kazi ya mshereheshaji. Yeye huchangamsha, lakini pia hufafanua. Huwaambia watu ni nani anayeingia, kwa nini mahari imeletwa, kwa nini shangazi ametangulia kabla ya mama, na ni wakati gani wa kusimama au kuketi. Katika arusi inayokutanisha makabila mawili, hadhira nusu haielewi miviga ya nusu ya pili, na sherehe ya maana ya pili huwa na uzito kuliko ya kwanza.

Majina mengine yapo. Wapo wanaomwita mfawidhi, jina linalosisitiza usimamizi. Wapo wanaomwita mwendesha sherehe. Mitaani, herufi mbili za Kiingereza zinazofupisha jina la kazi hii zimegeuzwa kimzaha kuwa "msema chochote". Mzaha huu unafurahisha, lakini unapotosha. Mshereheshaji ni mmoja wa watu wasioweza kusema chochote wanachotaka. Historia yake yote ni historia ya mipaka ya usemi, kama tutakavyoona.

Mbiu, siwa na kengele: sauti ya mwenye mamlaka

Kabla ya kipaza sauti palikuwapo pembe. Methali yetu husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ni pembe ya mnyama iliyopulizwa ili kuwakusanya watu, na mgambo ni tangazo lenyewe. Mpiga mbiu hakuhitaji ufasaha mwingi. Pembe ilisema "njooni msikie", kisha yeye akatoa ujumbe aliopewa na mkuu wa mji. Kwa istilahi za darasani, sehemu ya kwanza ya kazi yake ni ngomezi, kwani ala ndiyo inayotoa ujumbe, na sehemu ya pili ni tamko la mdomo.

Katika miji ya Lamu na Pate palikuwa na ala ya hadhi ya juu zaidi, yaani siwa. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ilifuliwa kwa shaba. Siwa ilipulizwa katika shughuli kubwa za kiutawala na pia katika arusi na tohara za watu wa nasaba zilizotambuliwa. Haikuwa chombo cha kila mtu. Kuruhusiwa kupigiwa siwa kulikuwa ni kutangazwa rasmi kwamba ukoo wako una nafasi katika mji. Hapa mtahiniwa azingatie jambo moja: ala hii ilifanya kazi mbili alizorithi mshereheshaji wa leo. Iliashiria kuwa shughuli imeanza, na iliwapanga watu kwa hadhi. Mshereheshaji anapotaja wageni waheshimiwa kwa mfuatano fulani, akimtanguliza huyu na kumweka yule nyuma, anafanya kile siwa ilichofanya.

Wanawake nao walikuwa na pembe yao. Katika ngoma ya vugo ya pwani, wanawake hugonga pembe kwa vijiti huku wakiimba wakati wa arusi. Pembe hiyo haitangazi amri ya mkuu. Hutangaza furaha na msimamo wa wanawake wa mtaa kuhusu arusi hiyo, mara nyingine kwa mafumbo na vijembe. Hivyo, hata katika kipindi hiki cha kale sauti ya hadhara haikuwa moja. Palikuwa na sauti ya utawala na sauti ya kikundi, na kila moja ilikuwa na ala yake.

Kuna pia kengele. Mnamo 1875 Wamishenari wa Kianglikana walianzisha makazi ya Frere Town, Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwa biashara ya utumwa. Kengele ya makazi hayo iliwaita watu na kuwatahadharisha, na hadi leo mahali hapo panaitwa Kengeleni. Ni mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi: ngomezi imegeuka jina la mahali.

Tukirejelea maswali yetu matatu, mpiga mbiu alipewa sauti na mwenye mji, alisema kwa niaba yake, na hadhira ilimjibu kwa kutii. Itikio lilikuwa la vitendo, si la maneno.

Mtambaji, manju na mlumbi: sauti ya jamii

Fanani wa kijamii walikuwa na hali tofauti. Hawa hawakuweza kuanza kazi bila ya idhini ya hadhira, na idhini hiyo ilitolewa kwa fomula. Mtambaji husema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Mtegaji husema "Kitendawili!" na kungoja "Tega!" Wanafunzi wetu huzikariri fomula hizi kama mapambo ya mwanzo, na katika mtihani huandika kwamba "huvuta makini ya hadhira". Jibu hilo ni sahihi ila halitoshi. Fomula ni mkataba. Hadhira ikikataa kujibu, hakuna hadithi. Katika vitendawili mkataba huo huonekana waziwazi zaidi: wategewaji wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji, na wao ndio wanaompa. Ushindi wake hutoka mikononi mwa hadhira.

Manju katika ngoma huanzisha wimbo, lakini kiitikio ni mali ya wachezaji. Miongoni mwa Wakamba kiongozi wa namna hii huitwa ngui, na alitambuliwa kwa ustadi wa kutunga na kuongoza kwa wakati mmoja. Katika utamaduni wa Waluo upo usemi wa majigambo uitwao pakruok. Mhudhuriaji husimamisha muziki, hulipa, kisha hujisifu mwenyewe au kuwasifu jamaa zake kwa lugha ya picha, na muziki ukaendelea. Hapa mwenye jukwaa huliazima jukwaa lake kwa hadhira, kisha akalirudisha. Mwalimu anayetaka kufafanua dhana ya hadhira tendi hatapata mfano bora kuliko huu.

Kwa upande wa ulumbi, Wabukusu wana hotuba ya maombolezo iitwayo kumuse. Hutolewa baada ya mazishi ya mzee wa heshima. Mlumbi hutembea katika uwanja ulioachwa wazi kati ya waombolezaji, akisimulia historia ya jamii na ukoo, akiwaonya na kuwaliwaza. Si kila mtu anayeruhusiwa kuitoa. Anayeitoa ni mtu anayetambuliwa kuwa amejaliwa kipawa hicho na anayefuata masharti yake. Mshereheshaji wa mazishi wa siku hizi anaposoma wasifu wa marehemu, akatuliza vilio na kuonya vijana, anatembea katika uwanja uleule, ingawa huenda yeye mwenyewe hajui.

Nyumbani kwa Waswahili, kungwi na somo walishikilia usemi wa faraghani katika unyago na maandalizi ya arusi. Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1903, kina maelezo marefu kuhusu arusi, jando na ngoma za mrima, na kinaonyesha jinsi kila hatua ya shughuli ilivyokuwa na mtu wake wa kuisimamia. Hakukuwa na mtu mmoja aliyeongoza yote. Kazi ambayo leo hufanywa na mshereheshaji mmoja iligawanywa kati ya mshenga, kungwi, manju, wazee na wapiga vigelegele.

Hii ni tofauti muhimu. Fanani wa kipindi hiki alipewa sauti na jamii, alisema kwa niaba ya jamii, na ilimjibu kwa maneno, kwa wimbo, kwa tuzo, au kwa kumzomea.

Beni: mashindano chini ya ukoloni

Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani ya Kenya ngoma iliyobadilisha sura ya sherehe za mjini, nayo ni beni. Jina hili ni utohozi wa neno la Kiingereza la bendi. Mwanahistoria Terence Ranger aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki. Vikundi vya beni viliiga bendi za kijeshi: tarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Kila kikundi kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na maafisa wengine. Mombasa palikuwa na mahasimu wawili wakubwa, Kingi na Scotchi, walioshindana kwa mapambo, karamu na nyimbo za kukejeliana. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza ngoma hii mbali na pwani, na Tanganyika ikawa na vyama vya Marini na Arinoti.

Kwa mhakiki wa fasihi, beni ina mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, iliweka cheo mahali pa nasaba. Katika mji wa siwa, hadhi ilitokana na ukoo. Katika beni, kijana asiye na ukoo mkubwa angeweza kuvaa kanzi ya jenerali na kuamrisha gwaride mbele ya umati. Pili, iliifanya sherehe iwe na ratiba, mfuatano na maafisa wa kuisimamia, kwa mtindo wa kijeshi. Fikra ya kwamba hafla ina "programu", kwamba kuna mtu mwenye mamlaka ya kuita kikundi kifuate na kingine kisubiri, ilipata nguvu katika mazingira haya ya gwaride, shule na kanisa. Mshereheshaji wa kisasa, mwenye karatasi ya ratiba mkononi, ni mjukuu wa manju kwa upande mmoja na wa jenerali wa beni kwa upande wa pili.

Hata hivyo, tusisahau kwamba beni ilikuwa ni kejeli pia. Mtu anapoiga gwaride la mtawala, huenda anamtukuza na huenda anamcheka. Wakoloni wenyewe walilitambua hilo, ndiyo maana waliishuku ngoma hii. Mtahiniwa atakayeulizwa dhima ya kejeli katika fasihi simulizi anaweza kutumia mfano huu bila hofu.

Redio: sauti bila uso

Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka wa 1928, ukiwalenga walowezi. Vipindi vya Waafrika vilipata nafasi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na Mombasa ikapata idhaa yake, Sauti ya Mvita, mwaka wa 1947. Mwaka wa 1964 shirika la taifa likaitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989. Tazama jinsi majina haya mawili yanavyorudia neno "sauti". Mji unasema. Nchi inasema. Mtangazaji ni mdomo tu.

Redio ilimpa fanani hadhira kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuwapo, lakini ilimnyang'anya kitu kimoja: itikio la papo hapo. Watangazaji waliobobea walilazimika kulibuni upya. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ni mfano mwafaka. Kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?" kilianza mwaka wa 1966 na kuendelea kwa miongo mingi. Jina lenyewe la kipindi ni swali la balagha. Msikilizaji aliyeko Kisii au Lodwar hawezi kusikika studioni, lakini swali humlazimu kujibu moyoni, na mara nyingi kwa sauti, mbele ya walioketi naye. Ni fomula ya mtambaji iliyovikwa vazi jipya. Katika utangazaji wa mpira, naye na wenzake walikuwa macho ya wasiouona uwanja: walitaja jina, mahali na tendo kwa kasi ya mchezo wenyewe, wakatia taswira, chuku na tanakali za sauti ili msikilizaji auone mpira kwa masikio.

Lakini tukio linalofunza zaidi kuhusu sauti ya kuazimwa lilitokea Jumapili, Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa kikosi cha wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamwendea Mbotela nyumbani kabla ya mapambazuko na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyohiyo majeshi tiifu, yakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, yalikikomboa kituo, na ni Mbotela tena aliyetangaza kwamba serikali ingali imara. Yeye mwenyewe alilisimulia jambo hili hadharani mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Kwa nini waasi hawakusoma tangazo wao wenyewe na kumwacha mtangazaji alale? Kwa sababu walielewa kile mhakiki anachopaswa kukielewa. Umma haukuwajua. Uliijua sauti ya Mbotela, nayo ilikuwa imejenga imani kwa karibu miaka ishirini ya salamu, mpira na mafunzo ya adabu. Waasi hawakutaka maneno tu. Walitaka imani ile iwafanyie kazi. Na serikali ilipotaka kurudi machoni pa watu, iliihitaji imani ileile. Siku moja, mdomo mmoja, kauli mbili zinazopingana, na bunduki nyuma ya ile ya kwanza. Anayedhani kwamba mwenye kipaza sauti ni msema chochote na alitafakari tukio hili.

Kipaza sauti: arusi, harambee na mazishi

Jomo Kenyatta alipoifanya "Harambee" kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, alichukua mwito wa wafanyakazi wanaovuta mzigo kwa pamoja. Ni fomula ya mwito na mwitikio. Katika mikutano ya kuchangisha pesa, wito huo ulizaa aina mahususi ya mshereheshaji: anayetaja majina ya wachangiaji na kiasi walichotoa, akamsifu aliyetoa kingi, akamtania aliyetoa kidogo hadi aongeze. Sanaa yake ni mchanganyiko wa tondozi na malumbano ya utani. Nguvu yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuzua maswali ya kimaadili, hasa wachangiaji walipokuwa maafisa wa serikali. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 iliweka mipaka juu ya kushiriki kwao katika uchangishaji wa namna hiyo.

Kipaza sauti kilileta badiliko ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Hapo zamani, fanani ambaye hadhira ilikataa kumsikiliza alishindwa palepale, maana kelele za watu zilizidi sauti yake. Kukubaliwa kulikuwa ni sharti la kusikika. Kipaza sauti kimetenganisha mambo haya mawili. Leo mtu anaweza kusikika kijiji kizima bila ya kukubaliwa na mtu hata mmoja. Ndiyo maana wageni wenye madaraka hukigombea. Katika mazishi mengi nchini, mfawidhi hujikuta kati ya familia inayotaka kumzika mpendwa wao kwa utulivu na mwanasiasa anayetaka kuhutubia. Suala hili lilifika kileleni Septemba 2021, wakati Kanisa la Anglikana nchini Kenya lilipowakataza wanasiasa kuhutubia katika ibada zake. Lakini katika mazishi ya kawaida ya kijijini hakuna askofu mkuu. Yuko mfawidhi tu, na uamuzi wa kukitoa au kukizuia kipaza sauti uko mkononi mwake. Akikitoa ovyo, ameuza sauti ya waliofiwa. Ndiyo hatari halisi ya kazi hii, na ndiyo heshima yake.

Uhakiki wa usemi wa mshereheshaji

Tuchukue mfano wa usemi wa arusini, wa aina inayosikika mara kwa mara. Tuseme mshereheshaji anatamka hivi:

"Walioketi kulia wanasema wao ndio waliozaa. Walioketi kushoto wanasema wao ndio watakaolea. Mimi nimesimama katikati, sina ng'ombe, wala sina binti. Nauliza tu: arusi hii ni ya nani?"

Hadhira inajibu: "Ni yetu sote!"

Kuna usambamba katika sentensi mbili za mwanzo, ambao unazipa pande mbili uzito sawa. Usawa huu si pambo. Katika hafla ambapo kila upande unachunguza kama umeheshimiwa, muundo wa sentensi ndio unaopatanisha. Kuna ukinzani kati ya "waliozaa" na "watakaolea", unaodokeza kuwa binti anahama bila ya kulitamka neno hilo zito. Kuna kujishusha, kwa maneno "sina ng'ombe, wala sina binti", ambayo pia ni kumbukumbu ya mahari kwa njia ya mkato. Hatimaye kuna swali lililotegwa kama kitendawili, na jibu lake linatoka kwa hadhira. Kama mshereheshaji angesema mwenyewe kwamba arusi ni ya wote, ingekuwa ni hotuba. Kwa kuwa waliosema ni wao, ni makubaliano.

Mtahiniwa anayemhakiki mshereheshaji azingatie pia viziada lugha: kupanda na kushuka kwa sauti, ukimya uliopimwa kabla ya kutaja jina, ishara za mkono zinazoamuru watu wasimame, na maleba yanayomtenga na wageni bila ya kuyazidi ya bwana arusi. Azingatie uchanganyaji ndimi, na aulize unamjumuisha nani na kumtenga nani. Ajuza aliyeketi mstari wa mbele asiyeelewa utani wa sheng ametengwa katika sherehe ya mjukuu wake. Azingatie, hatimaye, utani unaovuka mpaka. Mshereheshaji anayemcheka bibi arusi kwa umbo lake huenda akachekewa na vijana, lakini ameivunja amana aliyopewa na wenye shughuli.

Hitimisho

Tumeona kwamba mshereheshaji hakuanguka kutoka mbinguni pamoja na spika za umeme. Kutoka kwa mpiga mbiu alirithi wajibu wa kutangaza na kupanga hadhi. Kutoka kwa mtambaji, manju na mlumbi alirithi mkataba na hadhira. Kutoka kwa beni alirithi ratiba na mashindano, na kutoka kwa redio, sanaa ya kuijenga imani ya wasiomwona. Mikononi mwake vitu hivi huvutana. Urithi wa mbiu humtaka amtumikie mwenye mamlaka, ilhali urithi wa "Paukwa" humtaka angoje kuitikiwa. Mshereheshaji bora ni yule ambaye, hata akiwa na kipaza sauti kinachoweza kuwafunika wote, bado husita kidogo kusikiliza kama watu wamejibu.

Walimu tusiwaruhusu wanafunzi kuandika kwamba fasihi simulizi ni ya zamani. Tuwatume nyanjani wakaikusanye katika hafla za wikendi, kwa idhini ya wenye hafla, wakirudi na maandishi ya usemi waliousikia na si orodha ya sifa walizokariri.

Maswali ya mjadala

1. "Fomula ya kufungulia ni mkataba." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea vipera viwili vya fasihi simulizi na usemi wa mshereheshaji mmoja uliyemsikia.

2. Linganisha na utofautishe mlumbi wa jadi na mfawidhi wa mazishi wa leo.

3. Eleza jinsi kipaza sauti kilivyobadilisha uhusiano kati ya fanani na hadhira. Toa hoja za pande zote mbili.

4. Umealikwa kuwa mshereheshaji katika sherehe ya kuwaaga watahiniwa shuleni mwenu. Andika maneno yako ya ufunguzi, kisha ufafanue mbinu tatu za lugha ulizotumia na sababu ya kuzitumia.